Auxerre, Mji Mdogo Unaowalea Wachezaji wa Wengine

Msafiri aondokaye Paris kwa gari la moshi kuelekea kusini-mashariki hupita kwanza katika mashamba mapana ya ngano, kisha nchi huanza kuinuka vilima vilima, na kabla ya saa mbili kutimia huwa amekwisha kufika Auxerre. Kituo kiko ng'ambo ya mto Yonne, na ili kuingia katika mji wa kale hana budi kuvuka daraja. Hapo darajani watu wengi husimama kidogo, maana mji wote umejipanga juu ya kilima mbele ya macho yao: kanisa kuu la Mtakatifu Stefano, abasia ya kale ya Mtakatifu Germanus, mapaa ya vigae, na chini kabisa mashua zilizofungwa kando ya maji yaliyotulia. Katika karne zilizopita kuni nyingi zilizowapa moto watu wa Paris zilielea juu ya mto huu.

Auxerre ni mji wa watu wapatao 35,000 tu, na umaarufu wake tangu kale umetoka katika mashamba yaliyouzunguka. Vilima vya jirani vimejaa mizabibu, na mwendo wa maili kumi na mbili hivi upande wa mashariki kuna Chablis, ambako hutengenezwa divai nyeupe inayojulikana ulimwenguni kote. Lakini wakulima wa huko wana adui mmoja, nayo ni jalidi. Wakulima wa chai wa nyanda za juu za Kenya wanamfahamu adui huyo vizuri. Mizabibu inapoanza kuchipua baada ya majira ya baridi, usiku mmoja wa jalidi waweza kuyaunguza machipukizi yote na kuyamaliza mavuno ya mwaka mzima. Ndiyo sababu mkulima wa Chablis hulala macho katika majira hayo. Huwasha mioto midogo midogo kati ya mistari ya mizabibu, au huinyunyizia maji ili barafu nyembamba ilifunike chipukizi na kulihifadhi, akakesha hivyo hadi jua litoke.

Watu wa Auxerre wana chipukizi la namna nyingine pia, nalo limewakesha zaidi ya nusu karne. Chipukizi hilo ni kijana anayejua kucheza mpira.

Uwanja wenye nafasi ya nusu ya mji

Kando ya mto, nje kidogo ya mji, uko uwanja wa mpira uitwao Abbé-Deschamps. Uwanja huo waweza kuchukua watazamaji wapatao 18,000, yaani nusu ya wakaaji wote wa mji. Timu ya hapo huitwa AJ Auxerre, na herufi hizo mbili za mwanzo husimama mahali pa maneno ya Kifaransa yenye maana ya Chama cha Vijana. Timu hii ya mji mdogo ilikaa katika daraja la kwanza la Ufaransa miaka 32 mfululizo, kuanzia 1980 hadi 2012. Ilitwaa Kikombe cha Ufaransa mara nne, mwaka 1994, 1996, 2003 na 2005, na katika mwaka huo wa 1996 ikawa pia bingwa wa ligi, ikiwaacha nyuma Paris na Bordeaux, miji yenye watu wengi kuliko wake mara nyingi.

Mgeni aonaye mambo hayo huuliza swali moja: je, mji kama huu uliwezaje? Na mwenyeji mwenye kuipenda timu yake huweza kumjibu kwa swali jingine: je, mji kama huu ungeweza kuwazuiaje wachezaji wake wasiende? Maswali haya mawili yana jibu moja, na mwanzo wake ni wa zamani.

Klabu ilianzishwa mwaka 1905 na padre mmoja aitwaye Ernest Deschamps. Hakuwa na nia ya kutafuta vikombe. Alitaka vijana wa mji wapate mahali pa kukutana, kufanya mazoezi na kulelewa katika tabia njema. Alipofariki mwaka 1949 uwanja ukapewa jina lake. Hivyo tangu siku ya kwanza klabu ilikuwa mahali pa kulea vijana, na mpira ulikuwa chombo cha kazi hiyo.

Mwaka 1961 ikamchukua kijana wa miaka 22, Guy Roux, awe mchezaji na papo hapo mwalimu wa timu. Alikuwa amekulia Appoigny, kijiji kilicho kaskazini ya mji. Wakati huo Auxerre ilicheza na timu za jimbo lake tu. Mwaka 1963 Jean-Claude Hamel akawa mwenyekiti, akakaa katika kiti hicho hadi 2009. Roux naye, ukiondoa vipindi vifupi, alifundisha timu hiyo moja hadi 2005. Katika mchezo ambao walimu wengi huachishwa kazi kabla ya viatu vyao kuisha soli, jambo hili ni la ajabu. Mwaka 1974 timu ilipanda daraja la pili, na mwaka 1980 daraja la kwanza.

Fedha za mechi moja

Ziko fedha zilizoamua habari zote zilizofuata. Mwaka 1979, ikiwa bado katika daraja la pili, Auxerre ilifika katika mechi ya mwisho ya Kikombe cha Ufaransa mjini Paris. Ilishindwa na Nantes kwa mabao manne kwa moja baada ya muda wa nyongeza, lakini watu wake walirudi nyumbani na fedha ambazo hawajapata kuziona. Klabu nyingi ndogo zikipata fedha kama hizo hununua mchezaji mmoja au wawili wenye jina, wakashangiliwa msimu mmoja, kisha wakaondoka na fedha zikawa zimekwisha. Auxerre ilichagua kujenga kituo cha kuwafunzia vijana, chenye viwanja, mabweni na walimu.

Kila mkulima anaufahamu uchaguzi huo. Mtu aliyepata bei nzuri ya kahawa aweza kununua ng'ombe mnono wa kuchinja, au aweza kutengeneza kitalu cha miche. Anayechinja hula mwezi mmoja. Mwenye kitalu hungoja miaka, na majirani humcheka, mpaka siku miche yake itakapoanza kuzaa.

Kitalu cha Auxerre hakikuchelewa sana. Timu yake ya vijana ilikitwaa kikombe cha vijana cha Ufaransa mwaka 1982, kisha tena 1985 na 1986. Wavulana waliletwa wakiwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi, wengine kutoka mbali. Walilala mahali pamoja, wakasoma, wakafundishwa mpira, wakatazamwa kwa jicho kali. Habari za jicho hilo husimuliwa hadi leo kwa kicheko. Inasemekana Roux alikuwa akitazama saa ya maili katika gari la mchezaji apate kujua kama amekwenda Paris kucheza dansi usiku, na kwamba alikuwa na marafiki katika kizuizi cha barabara kuu waliompasha habari. Pikipiki ndogo za vijana nazo zilipata kufungwa kwa mnyororo. Huenda hadithi nyingine zimetiwa chumvi, lakini maana yake ni wazi: jalidi huja usiku, na mwenye mizabibu hukesha.

Hata hivyo ukali peke yake haumfungi kijana. Kuna habari ya Éric Cantona, mvulana wa Marseille, aliyetafutwa na klabu kadhaa. Husimuliwa kwamba alipoitembelea Nice aliomba fulana ya timu, akaambiwa ailipie. Alipofika Auxerre akapewa fulana bila kuombwa hata senti moja. Akachagua Auxerre, naye alikuwa na miaka kumi na mitano. Fulana ni kitu kidogo, lakini kijana aliye mbali na mama yake hupima moyo wa watu kwa vitu vidogo.

Walioondoka

Cantona aliingia katika timu kubwa mwaka 1983. Mwaka 1988 Marseille ikamnunua kwa faranga milioni 22, bei ambayo haijapata kulipwa Ufaransa kabla ya hapo. Miaka miwili kabla yake Jean-Marc Ferreri alikuwa amekwenda Bordeaux. Mwaka 1990 akaondoka Basile Boli, mzaliwa wa Abidjan aliyelelewa katika kitalu hicho hicho, naye pia akaenda Marseille. Tarehe 26 Mei 1993, mjini Munich, Boli aliruka akapiga mpira kwa kichwa na kuifunga Milan bao pekee lililowapa Marseille kikombe kikubwa cha Ulaya. Msimu huo huo Auxerre nayo ilikuwa imefika nusu ya mwisho katika Kikombe cha UEFA, ikatolewa na Dortmund kwa mikwaju ya penalti. Mtu anaweza kufikiri jinsi watu wa Auxerre walivyokaa mbele ya televisheni zao usiku ule wa Munich. Walimwona mwana wao akibebwa juu, na kikombe kikabebwa na wengine.

Lakini katika miaka hiyo mchezaji aliyeondoka aliacha fedha nyuma yake, na fedha hizo zilirudi kitaluni. Mabadiliko makubwa yalikuja tarehe 15 Desemba 1995, Mahakama ya Ulaya ilipotoa hukumu katika shauri la Jean-Marc Bosman, mchezaji wa Ubelgiji. Mahakama ilisema kwamba mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha yu huru kwenda katika klabu ya nchi nyingine ya Jumuiya ya Ulaya, wala klabu yake ya zamani haiwezi kudai malipo. Kwa mchezaji ilikuwa haki, maana mtu si mali ya kumilikiwa. Kwa klabu ndogo ilikuwa onyo: mwenye kuusahau mkataba atalima, atapanda, atapalilia, kisha mwingine atavuna bila kutoa hata shilingi.

Majira ya joto ya 2004

Onyo hilo lilionekana kwa wazi mwaka 2004. Katika majira yale ya joto wachezaji watatu wakubwa waliondoka Auxerre kwa njia tatu mbalimbali, na anayetaka kuelewa taabu za klabu ndogo na azitazame njia hizo tatu.

Wa kwanza ni Jean-Alain Boumsong, mlinzi aliyekuja kutoka Le Havre mwaka 2000. Mwaka 2003 yeye na Djibril Cissé ndio waliofunga mabao mawili yaliyoishinda Paris Saint-Germain katika mechi ya mwisho ya Kikombe cha Ufaransa. Mkataba wake ulikwisha, akaenda Rangers ya Scotland bila malipo kwa Auxerre. Haikupita hata nusu ya msimu mmoja, mwezi Januari 2005, Rangers ikamwuza kwa Newcastle kwa pauni milioni 8 hivi. Kazi ya miaka minne ya Auxerre ikawa faida ya watu waliokaa naye miezi sita.

Wa pili ni Cissé mwenyewe, aliyelelewa kitaluni akawa mfungaji bora wa ligi mwaka 2002 na tena mwaka 2004. Yeye alikuwa na mkataba. Liverpool ilipomtaka ilikaa chini na Auxerre, bei ikapatana kwa pauni milioni 14 hivi. Kijana akapanda ngazi, na kitalu kikapata mbolea.

Wa tatu ni Philippe Mexès, mlinzi kutoka Toulouse, naye pia zao la kitalu. Mkataba wake ulikuwa bado haujaisha, lakini aliuvunja, akaenda Roma ya Italia bila klabu hizo mbili kupatana. Auxerre haikurusha mawe wala haikukaa kulia. Ilichukua karatasi zake, ikapeleka mashtaka kwa FIFA. Mchezaji akafungiwa kwa muda, na mwaka 2005 Roma ikaamriwa kuilipa Auxerre euro milioni 7.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wote watatu waliondoka, na hakuna hata mmoja ambaye angezuiwa milele. Tofauti kati yao ilikuwa karatasi. Mahali ambapo mkataba uliachwa ukafikia mwisho, klabu haikupata kitu. Mahali ambapo mkataba ulikuwa hai, hata yule aliyeuvunja aliacha malipo nyuma yake.

Sheria nazo zimekuja kuwasaidia wadogo. Tangu 2001 kanuni za FIFA zinataka klabu zilizomfundisha kijana zilipwe gharama ya mafunzo anapofunga mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine, au anapohamia nchi nyingine kabla ya kupita umri wa miaka 23. Tena, mchezaji anaponunuliwa kutoka nchi moja hadi nyingine mkataba wake ukiwa bado hai, asilimia 5 ya bei hugawanywa kati ya klabu zote zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Mwaka 2010 Mahakama ile ile ya Ulaya, katika shauri la Olivier Bernard, kijana wa Lyon aliyekwenda Newcastle, ilikubali kwamba ni haki klabu kulipwa fidia ya mafunzo, maadamu fidia hiyo inalingana na gharama ya kweli. Lakini malipo hayo hayamfuati mtu aliyelala. Klabu isiyokuwa na kumbukumbu za mwaka gani kijana aliingia na mwaka gani alitoka, itadai kwa mdomo mtupu. Hapo kazi ya karani mwenye mwandiko safi huwa na thamani sawa na ya mfungaji mabao.

Mgeni kutoka Mathare

Wasomaji wa Kenya wana sababu yao wenyewe ya kuukumbuka uwanja ule wa kando ya mto. Kuanzia 2007 hadi 2012 mmoja wa washambuliaji wa Auxerre alikuwa Dennis Oliech, aliyetoka katika timu ya Mathare United ya Nairobi. Timu hiyo ilizaliwa mwaka 1994 kutokana na chama cha michezo cha vijana wa Mathare kilichoanzishwa mwaka 1987, na katika historia hiyo mtu wa Auxerre angeweza kumwona padre Deschamps akicheka. Huko pia vijana walikusanywa kwanza ili walelewe, na vikombe vikaja baadaye. Huko pia waliokomaa waliondoka mapema. Oliech alikwenda Qatar akiwa bado kijana mdogo, kisha Nantes, ndipo Auxerre. Na huko pia kitalu hakikufa kwa kuwa mche mmoja umeng'olewa: mwaka 2008 Mathare United ilitwaa ubingwa wa Kenya.

Mwaka 2010 Auxerre, Oliech akiwa ndani yake, ilimaliza ya tatu katika ligi, ikaiondoa Zenit ya Urusi, ikaingia katika kundi moja na Real Madrid, Milan na Ajax katika mashindano ya mabingwa wa Ulaya. Mji wa watu 35,000 ukawapokea Real Madrid nyumbani kwake. Lakini kiburi na kilele hukaa karibu. Roux alikuwa amekwisha kustaafu, na uenyekiti uliokaa kwa mtu mmoja miaka 46 ukapita mikononi mwa watu kadhaa katika muda mfupi. Wachezaji kama Younès Kaboul, na Bacary Sagna, kijana wa Sens, mji ulio jirani, walikuwa wamekwenda Uingereza tangu 2007. Mwaka 2012 Auxerre ilishika mkia wa ligi, ikashuka daraja baada ya miaka 32.

Ilikaa chini miaka kumi. Mwaka 2022 ikapanda kwa kuishinda Saint-Étienne kwa mikwaju ya penalti, mwaka uliofuata ikashuka tena, na mwaka 2024 ikapanda kwa mara nyingine ikiwa bingwa wa daraja la pili. Katika miaka hiyo yote ya unyonge kituo cha vijana hakikufungwa. Timu kubwa ilipokuwa ikicheza mbele ya viti vitupu, wavulana waliendelea kuamka asubuhi na kufunga kamba za viatu.

Msafiri anayerudi kituoni jioni huvuka tena daraja lile lile la Yonne. Katika treni ya kwenda Paris huenda akaketi karibu na kijana mwenye mkoba wa viatu vya mpira, na hawezi kujua kama kijana huyo anakwenda kuwasalimu wazazi au anakwenda moja kwa moja. Auxerre imekwisha kuona wengi wakiondoka kwa treni hiyo. Haijapata kugundua kamba ya kuwafunga. Lakini imejifunza kuwapokea kwa ukarimu, kuwalea kwa ukali wa mzazi, kuandika mkataba kabla ya jua kuchwa, kudai haki yake kwa karatasi, na kurudisha fedha kitaluni kabla hazijaliwa. Klabu ndogo itendayo hayo itawapoteza wachezaji wake bora, kwa maana ndivyo ulimwengu ulivyo, lakini kila mwaka ardhi yake itachipua tena. Mchumia juani hulia kivulini, na mwenye kitalu haogopi sana siku ya kung'oa mche, maadamu mbegu nyingine imekwisha kutiwa udongoni.